Pumzi ya Kuazima

Dirisha la masjala ya kliniki ile lilikuwa na kioo cheusi, na chini yake tundu dogo la kupitishia karatasi. Aliyetaka kusema na aliye ndani ilimbidi ainame kama anayechungulia ndani ya mtungi. Anisia alikuwa na miaka hamsini na mbili na goti la kushoto lililokuwa likimuuma tangu palizi ya mpunga, lakini aliinama. Hii ilikuwa mara ya tatu kuinama mbele ya tundu hilo.

"Habari za asubuhi, mwanangu."

"Wewe tena," ilijibu sauti ya ndani. Alikuwa binti mmoja aitwaye Loveness, karani wa faili, na salamu hakuiitikia. "Barua ya idhini umeleta?"

"Nimeleta. Hii hapa, na sahihi yake mwenyewe."

Vidole viwili vyenye kucha nyekundu viliivuta ile barua, vikaigeuza, vikairudisha.

"Haina mhuri wa mtendaji wa kata."

"Mara ya kwanza uliniambia kitambulisho, nikaleta. Mara ya pili ukaniambia barua, nimeleta. Mhuri hukunitajia."

"Sasa nakutajia."

"Mwanangu, mimi natoka Ushirombo. Nimepanda gari kabla hakujapambazuka."

"Sikukuchagulia pa kuolewa, mama. Na nikwambie tu ukweli, usije ukasema hukuambiwa: faili ni mali ya kampuni. Hata ukija na mhuri wa askofu."

Kwa Anisia jina la askofu halikuwa la kuchezea. Alisema polepole, "Faili ni lenu, sikatai. Lakini mapafu yaliyoandikwa mle ni ya mume wangu."

"Basi kayapime upya huko kwenu. Anayefuata!"

Aliyefuata alikuwa mzee Telesphori, mchorongaji wa zamani. Mashine za kutoboa miamba zilikuwa zimemwachia masikio ya urembo tu. Naye alikuwa akifuatilia nakala za vipimo vyake vya masikio, na kwa kuwa hakujisikia mwenyewe, alizungumza kama anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto.

"Amekufukuza huyu?"

Anisia akatikisa kichwa kukubali.

"Mimi hunifukuza kila Jumatano! Lakini kwa vile sisikii, narudi!"

Benchi zima likacheka, hata mlinzi. Kifuniko cha tundu kikashushwa kwa kishindo.

"Chukua ushauri wa bure, mayu, mama yangu," mzee alipayuka huku akimsogezea nafasi. "Kila karatasi unayompa huyu mtoto, toa fotokopi, mwambie akugongee 'imepokelewa' na tarehe. Bila hivyo ataapa hajakuona tangu azaliwe!"

Anisia hakuzoea kugombana. Alizaliwa Ushirombo, mtoto wa pili kati ya saba, akamaliza darasa la saba, na shule yake ikaishia hapo, maana mama yao alifariki akiacha kitinda mimba wa miaka minne, Evance, na mtu wa kumbeba akawa yeye. Alimbeba kisimani, akambeba shambani, akambeba hata siku ya kipaimara chake mwenyewe, akaenda mbele ya askofu na mtoto amelala mgongoni. Alipoolewa na Stanslaus, mkulima wa pamba mwenye maneno machache, Evance alikuja naye kama mmojawapo wa masanduku yake. Katika jumuiya yao alikuwa mtu anayeitwa pale watu wawili walipokosana. Alikuwa akikaa katikati yao, hasemi sana, anawapikia chai mpaka wanaona haya.

Pamba ilipokosa bei, Stanslaus alikwenda kwenye migodi. Akapata kazi kwa mkandarasi mmoja aliyechoronga miamba chini ya ardhi, akafanya miaka tisa. Ndiye aliyemwingiza shemeji yake Evance katika kampuni hiyo hiyo, naye Evance akawekwa juu ya ardhi, stoo, kwenye vipuri na mafuta. Kwa kazi hizo mbili nyumba ya udongo ikawa ya tofali, na Vumilia, binti mkubwa, akasoma mpaka akawa mwalimu.

Kisha mkataba wa Stanslaus ukaisha, na kikohozi kikabaki. Alikunywa dawa za kifua kikuu miezi sita bila nafuu. Akakonda. Akaanza kulala ameketi, mito mitatu mgongoni. Ndipo daktari wa hospitali ya wilaya, Enock, kijana mpole, alipoishika picha ya eksirei kwenye mwanga na kusema kwamba ule ni ugonjwa wa vumbi la mawe, na kwamba pafu likishakuwa hivyo halirudi. Lakini kuna mfuko wa fidia kwa walioumia kazini, akasema. Mfuko ulitaka nakala za vipimo vyote alivyopimwa na kampuni, vitano kwa jumla, ili ionekane ugonjwa ulianzia kazini. Na madai yote yafike kabla mwaka haujaisha tangu siku ya kugundulika.

Siku Loveness alipotaka mhuri, zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa.

Stanslaus mwenyewe hakutaka. "Achana nao, Mama Vumilia," alikuwa akisema kila mkewe alipofunga kanga ya safari. "Wale hawatoi kitu." Barua ya idhini aliitia sahihi uso ukiwa ukutani. Anisia alidhani ni haya ya mwanaume aliyezoea kubeba na sasa anabebwa. Hakumsukuma.

Mtendaji wa kata alimzungusha siku mbili kwa mhuri wa sekunde moja. Siku ya sita Anisia aliinama tena kwenye tundu, akatoa karatasi zote na fotokopi zake, akaomba zigongwe "imepokelewa".

"Nani kakufundisha ujanja huu?" Loveness aliuliza.

"Watu wa hapa hapa."

Loveness aligonga mhuri kama anayeua mende. Baada ya muda wa saa tatu ikapita karatasi moja tu kwenye tundu.

"Mwanangu, niliomba vipimo vitano."

"Umepewa cha mwisho. Ndicho kinachoonyesha mtu alivyotoka. Hivyo vingine ni vya ndani."

"Lakini barua inasema—"

"Mama! Wenzako wanaondoka na mikono mitupu. Wewe umepewa, unabagua!"

Anisia aliitia karatasi ndani ya kitabu chake cha nyimbo, akaenda nayo moja kwa moja kwa daktari Enock. Daktari aliisoma, akavua miwani, akaisoma tena.

"Mama Vumilia, hii ni ya nani?"

"Ya mume wangu. Si jina lake hilo?"

"Jina ni lake, na namba ya kazi ni yake. Lakini aliyepimwa hapa amepuliza mashine kama anapuliza baragumu. Mapafu safi, hayana hata doa. Na hiki ni kipimo cha mwaka aliotoka, wakati vumbi lile nililoliona kwenye picha haliingii kwa mwaka mmoja wala mitatu." Akamrudishia karatasi kwa mikono miwili, kwa heshima. "Ukiipeleka hii, umewapa kamba wakufunge nayo. Watasema alitoka kazini mzima, ugonjwa kaupata nyumbani."

Njiani kurudi nyumbani Anisia aligeuza jambo hilo kichwani kama mtu anayepepeta mchele, na kila akipepeta, jiwe lilikuwa moja. Alimkuta mumewe barazani. Hakumsalimu kwanza. Aliweka karatasi juu ya goti lake.

"Nani alipuliza?"

Stanslaus alitazama mbali, kwenye majaruba.

"Nilikwambia achana nao."

"Nakuuliza, Baba Vumilia. Nani alipuliza?"

"Evance."

Alieleza vipande vipande, akipumzika kati ya neno na neno. Kipimo cha tatu kilikuwa kibaya, na mpimaji alimwambia wazi: kingine kama hiki, chini huendi tena, na juu hakuna nafasi yako. Sasa mle kliniki siku za vipimo walikuwa wanaingia watu arobaini asubuhi moja, kofia ngumu kichwani, vitambaa vya vumbi puani. Hawakuita majina. Waliita namba. Namba ilikuwa kipande cha plastiki chenye kamba, na aliyekivaa ndiye aliyesimama. Wachorongaji walikuwa na neno lao kwa jambo hilo, walilitaja kama mtu anavyotaja kuazima jembe: kuazima pumzi. Mwenye kifua kibovu alitafuta mwenye kifua kizima, akamvika kamba.

"Mara ngapi?"

"Mara mbili. Cha nne na cha tano."

"Kwa hiyo mimi," Anisia alisema, na sauti yake ikawa nyembamba kuliko alivyotaka, "nimepiga magoti kwa yule binti mara nne, natafuta pumzi ya mdogo wangu?"

"Ningekwambia, ungekwenda kuungama kwa niaba yangu."

"Ningekwenda! Kuliko kunifanya mjinga wa mji mzima!"

"Watoto walikuwa shuleni!" Stanslaus alitaka kupaza sauti lakini kikohozi kikamwahi. Alipotulia alisema, kwa chuki ambayo Anisia hakujua kama ni ya kwake yeye au ya kifua chake, "Ulikula ile hela. Ulijenga nayo. Leo ndiyo unaulizia ilitoka kwenye pafu la nani?"

Anisia aliingia ndani, akachukua rozari. Lakini siku hiyo Salamu Maria zilimtoka kavu, kama anasoma orodha.

Jumapili, baada ya Misa ya kwanza, alisafiri hadi Kahama, nyumbani kwa Evance, Nyahanga. Lusia, mke wa Evance, alimpokea kwa chai na mihogo. Anisia hakuigusa chai kabla ya kusema kilichomleta, na alipokwisha kukisema, Lusia alivuta kikombe taratibu akakirudisha jikoni.

"Dada," Evance alisema, "umekuja kunitembelea au kunizika?"

"Nimekuja kukuomba twende wote kliniki, useme kilichotokea. Ukisema wewe, vile vipimo vitatu vya kweli vitaheshimiwa."

"Na mimi kazi yangu itaheshimiwa na nani? Bado niko kwenye daftari lao! Mtu akijulikana alipuliza kwa namba ya mwenzake anatoka siku hiyo hiyo, hasubiri hata chakula cha mchana."

"Najua."

"Unajua, na umekuja!" Alisimama. Alikuwa mrefu, kichwa kikikaribia kizingiti cha juu cha mlango. "Nikwambie kitu. Vumilia anafundisha watoto wa watu leo kwa pumzi yangu. Bati lile pale kwenu ni pumzi yangu. Shemeji alikuja hapa akalia, mwanaume mzima, mbele ya mke wangu. Nikamwambia lete hiyo kamba. Sikuchukua hata shilingi. Leo mmeshiba, mnataka kuning'oa?"

"Evance, mimi nilikubeba mgongoni."

"Na nilishashuka! Usinidai mgongo mpaka nazeeka."

Lusia alirudi mlangoni, mikono kiunoni. "Wifi, mimi nakuheshimu. Lakini fidia kama unaitaka, usije kuichota kwenye sufuria yangu."

Anisia alikusanya kanga zake. Alihisi machozi lakini hakutaka wayaone, wasije wakadhani ni silaha.

"Jina lako sitalitaja," alisema. "Lakini uongo sitaupeleka. Siku ya kuapa mbele ya watu wa mfuko, mkono wangu hautanyanyuka kwa uongo."

"Basi hujui hesabu, dada. Wakijua si yeye, watatafuta ni nani. Ukifungua mdomo mle ndani, mimi na wewe hatukunyonya ziwa moja."

Alimfungulia mlango, akaushika hadi alipotoka, kama mtu anayemtoa kuku.

Zilikuwa zimebaki siku nane. Kati ya hizo, moja Anisia aliimaliza kanisani, hasali, amekaa tu, akipima. Angeweza kuacha yote. Lakini dawa za Stanslaus, ile hewa ya mtungi aliyokuwa akiwekwa hospitalini, safari zile, vilikuwa vimekula mbuzi, vimekula baiskeli, vilikuwa vinaelekea kwenye shamba. Angeweza kupeleka ile karatasi nzuri na kunyamaza, nayo ingemnyima kila kitu. Au aseme. Na akisema, mtoto aliyembeba ndiye atakayedondoka. Alitafuta njia ya nne, hakuiona.

Jumatano aliinama kwenye tundu.

"Naomba kumwona daktari mkuu."

"Ana shughuli."

"Basi mwambie hivi. Karatasi mliyonipa si ya mume wangu. Aliyepuliza siku ile ni mtu mwingine."

Hakuwa amepaza sauti, lakini benchi lilikuwa karibu, na benchi lilijaa wanaume wa mgodini, wenye vifua na migongo na masikio ya kudai. Minong'ono ikakatika. Kisha mmoja akasema, kwa meno yaliyofungwa, "Mama, nyamaza."

"Huyu mwanamke ana kichaa?" alidakia mwingine. "Wakianza kufukua, nani atabaki hapa?"

"Nenda kaharibu kwenu Ushirombo! Sisi tuna watoto!"

"Amesemaje?" mzee Telesphori aliuliza. "Amesemaje?" Jirani yake alimwinamia sikioni akamweleza. Mzee akawatazama wenzake mmoja mmoja, wengine wakainamisha macho. Kisha akapayuka, "Mficha maradhi kifo humuumbua!" Wakamzomea yeye pia.

Kelele ndizo zilizomtoa daktari Edson ofisini. Alikuwa mtu mnene mwenye shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, na hasira ya mtu aliyekatishwa simu. Alimwingiza Anisia ndani, akamwamuru Loveness alete faili zima.

"Kliniki yangu haifanyi makosa ya namna hiyo," alisema. "Nitakuonyesha sasa hivi, halafu utatoka hapa na utaacha kunichafulia jina."

Akapanga vipimo vitano mezani, kimoja baada ya kingine, kama karata. Anisia aliviona kwa mara ya kwanza. Daktari alianza kusoma kwa sauti, kwa ushindi, tarehe, uzito, urefu. Kwenye kipimo cha nne akasita. Akarudi kwenye cha tatu. Kidole chake kikatembea kutoka mstari huu hadi ule.

"Mumeo," alisema hatimaye, "alikuwa na sentimita mia moja sitini na nne. Miaka miwili baadaye ana mia moja sabini na tatu." Akacheka, kicheko kisicho na furaha. "Alirefuka akiwa na miaka arobaini na saba. Huu ni muujiza, mama. Umempelekea paroko?"

Daktari alivuta picha ya eksirei ya kipimo cha tano, akaibandika kwenye kioo chenye taa.

"Na hapa. Mtulinga huu, mfupa wa hapa begani, uliwahi kuvunjika ukaunga. Uliunga vibaya, umepinda. Mumeo aliwahi kuvunjika mtulinga?"

"Hapana."

Alikuwa akiutazama ule mfupa mweupe uliopinda. Aliujua. Ulivunjika siku Evance alipoanguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe, akiwa na miaka sita, na aliyemfunga bega lile kwa kipande cha kanga, wiki tano, alikuwa yeye. Hakujua kuwa uliunga vibaya. Siku zote alidhani alimfunga vizuri.

"Nani huyu?"

"Sitamtaja, daktari."

"Unajua hii ni jinai? Napiga simu polisi sasa hivi."

"Piga. Lakini kabla hawajafika, naomba uniandikie hayo uliyoyasema. Kwamba vipimo hivi viwili si vya Stanslaus, na hivi vitatu ni vyake. Uweke mhuri, uambatanishe vyote."

"Nikuandikie?" Daktari Edson aliegemea kiti. "Nikufungulie mlango wa hela wakati mmenidanganya? Wewe mama unajua unasema na nani?"

"Nasema na daktari." Anisia alikunja mikono yake mapajani. "Keshokutwa nitakuwa kwenye ofisi ya mfuko. Nitasema haya haya, nikiwa na karatasi yako au bila. Nikiwa nayo, watasoma kwamba mlidanganywa, mkagundua, mkasema. Nikiwa sina, wataniuliza, huyo daktari alikuwa anatazama wapi mtu akirefuka sentimita tisa? Nami uongo siwezi. Nitawaambia sijui."

Alilisema bila kutisha, kama anayemkumbusha mtu kufunga mlango wa zizi. Loveness, aliyekuwa amesimama pembeni na faili tupu mikononi, alijikuta akimtazama bosi wake.

Daktari Edson aliandika. Aliandika kwa nguvu hata kalamu ikatoboa karatasi mahali pamoja. Kila neno lilikuwa jiwe: mfanyakazi huyu kwa makusudi, kwa njia ya ulaghai, akishirikiana na mtu ambaye familia inamficha. Anisia aliisoma yote, midomo ikisogea. Alichoomba kurekebishwa ni kimoja tu, mwezi wa kipimo cha pili, uliokuwa umekosewa.

"Umefurahi sasa?" Loveness alimuuliza kwenye mashine ya fotokopi, akimgongea mhuri ukurasa baada ya ukurasa.

"Hapana, mwanangu."

Alipopita mbele ya benchi, wanaume waligeuza nyuso. Mmoja alitema mate karibu na kandambili yake. Mzee Telesphori peke yake alimwinulia mkono.

Mfuko ulipokea madai zikiwa zimebaki siku tatu. Afisa aliyeyasoma hakumdanganya. Vipimo vitatu vilionyesha wazi vumbi likiingia mwaka hadi mwaka, alisema, na hilo lina uzito. Ule ulaghai nao una uzito. Stanslaus ataitwa apimwe upya, na ataulizwa, na huenda akapewa, huenda akapunguziwa, huenda akakosa. Lakini jalada limefunguliwa. Akagonga mhuri. Anisia alishukuru, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi mpaka goti lilipomruhusu kusimama.

Wiki tatu baadaye habari zilifika Ushirombo kwa njia ya watu wa sokoni. Kampuni ilikuwa imevuta mafaili ya wafanyakazi wake wote, ikatafuta mtulinga uliopinda.

Evance alikuja Jumamosi, kwa pikipiki ya kukodi kutoka stendi. Alimwambia dereva asizime injini. Alisimama katikati ya ua, na kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kusema, hakumpa dada yake shikamoo.

"Wamenitoa."

"Nimesikia."

"Ulinitaja?"

"Sikukutaja."

"Ni kitu kimoja."

Anisia angeweza kubisha. "Ndiyo," alisema. "Ni kitu kimoja."

"Sikuja kwako. Nimekuja kwa mumeo. Kuna maneno nataka ayasikie kwa masikio yake. Mwite."

"Hawezi kutoka haraka. Ingia wewe, mdogo wangu."

"Kwenye nyumba ile siingii. Mwite!"

Stanslaus alikuwa amesikia. Mlango ulikuwa wazi, na kutoka uani waliweza kumwona akishusha miguu kitandani, mmoja, kisha wa pili. Alisimama, akashika ukuta. Akapiga hatua mbili, akasimama kwenye pipa la maji, kichwa kikiwa chini, mabega yakipanda na kushuka kama ya mtu anayetwanga. Anisia alitaka kwenda kumshika, mumewe akamwonyesha kwa kiganja abaki pale pale. Hatua nyingine. Akafika kwenye kiti, akakishika mgongo, akangoja. Pikipiki ilinguruma. Kuku walipita kati yao. Evance alikuwa amefungua mdomo tayari, maneno aliyoyapanga njia nzima yakiwa mbele ya ulimi, na hakuwa amemwona shemeji yake tangu Krismasi. Pumzi yake aliitoa mara mbili, lakini kilichokuwa kimefichwa nyuma ya pumzi ile hakuwa amewahi kukitazama.

Stanslaus alifika mlangoni. Alitaka kusema, sauti haikuja. Mishipa ya shingo ilisimama kama kamba za kitanda. Akainua mkono, ukafika kifuani, ukaishia hapo.

Evance alimtazama muda mrefu.

"Rudi ukae, shemeji," alisema hatimaye, kwa hasira ile ile aliyokuja nayo. "Nani kakwambia utoke?"

Akapanda pikipiki. Hakumuaga dada yake.